Kazi ya Kuhesabu Mapaa

Mvua za kwanza katika nyanda za juu za Kigoma huja na upepo mbele. Ni Oktoba au Novemba. Mchana kutwa joto limekaa juu ya vilima vya Kasulu na Kibondo, wakulima wameshatifua mashamba ya maharage, kidato cha nne wanajiandaa na mtihani wa taifa. Jioni wingu linajikusanya, na katika dakika chache paa la shule linaondoka zima, kenchi na mabati, linatua shambani kwa watu. Nyumba za jirani nazo zinabaki kuta tupu.

Redioni habari hiyo huchukua sentensi mbili: kaya kadhaa zimekosa makazi, mkuu wa wilaya amefika na kuwapa pole wananchi. Kisha inafuata habari nyingine. Kazi ninayotaka kuisifu huanza pale mtangazaji anapoiacha habari hiyo, nayo hufanywa na afisa mtendaji wa kijiji mwenye daftari, kalamu na pikipiki ya mafuta ya kuazima. Kazi yake ni kuandika nani amepoteza nini. Wengi huiona kama kazi ya karani tu wa kujaza fomu. Mimi nadhani kila kitakachofuata, mabati, mbegu, fedha za halmashauri, hata amani ya kijiji, kinategemea jinsi orodha hiyo ilivyoandikwa katika siku mbili tatu za mwanzo.

Mtendaji anayeijua kazi haanzi na nyumba za barabarani. Hizo kila mgeni ataziona, na gari la wilaya litasimama hapo bila kuambiwa. Anaanza na kitongoji cha mwisho, kule pikipiki inakoachwa na safari kumaliziwa kwa miguu, kwa sababu ndiko watu wanakosahaulika. Anafuatana na mwenyekiti wa kitongoji, na mwenye busara zaidi humwongeza mkazi mmoja kutoka kitongoji kingine, mtu asiye na ndugu pale, ili macho yawe mengi. Wakifika hawaulizi hasara kwanza. Uha, nchi ya Waha wa Kigoma, ni ya salamu ndefu, salamu za kupiga makofi na kuulizana hali, na mtendaji aliyeletwa kutoka mkoa mwingine hujifunza mapema kwamba mama aliyekosa paa bado ana haki ya kusalimiwa kama mwenye nyumba. Baada ya hapo ndipo wanaingia ndani na kutazama juu.

Hapo ndipo ujuzi unapoonekana. Mbao iliyovunjika jana ni nyeupe ndani. Iliyovunjika mwaka jana imeshika kijivu na mchwa wameshapita. Bati lililong'olewa na upepo limechanika kwenye tundu la msumari, na mchaniko una ncha zinazong'aa. Lililokuwa limeoza lina kutu pande zote za tundu. Ufa wa ukuta ulioanza na dhoruba huwa hauna vumbi wala utando wa buibui. Mtendaji anaviona vyote hivi bila kumwambia mwenye nyumba kwamba anamshuku. Akikuta paa lililokuwa bovu tangu zamani, anaandika "paa la zamani" na kuendelea. Ugomvi wa mlangoni haujawahi kumsaidia mtu, na jambo hilo litapata mahali pake baadaye, mbele ya kijiji kizima.

Kisha zinakuja safu za daftari, na ndani yake kuna maamuzi ambayo hakuna fomu inayoyamaliza. Mume ana wake wawili, kila mmoja na nyumba yake na jiko lake, na zote mbili zimeezuliwa: aandike kaya moja au mbili? Anayeandika moja atasababisha mke mmoja aondoke mikono mitupu. Nyumba ya mjane inajulikana kwa jina la marehemu: aandike jina la nani? Mpangaji amepoteza magodoro na chakula, mwenye nyumba amepoteza bati: ni waathirika wawili wenye mahitaji mawili, na ukiwaweka kwenye mstari mmoja mmoja wao atapotea. Mtendaji hodari anaandika majina ya wanaolala ndani ya nyumba, halafu pembeni anaandika nyumba ni ya nani. Anaulizia wazee wasioweza kutoka, mjamzito, mtoto mwenye ulemavu. Anauliza choo kama kimesimama. Anauliza mbegu.

Mbegu zinastahili aya yake. Wataalamu wa tume ya uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Amerika ya Kilatini walianza kutengeneza njia yao ya kupima maafa baada ya tetemeko lililoibomoa Managua, Nikaragua, Desemba 1972. Msingi wa njia hiyo ni kutenganisha vitu viwili: uharibifu, yaani thamani ya kilichovunjika, na hasara, yaani kipato ambacho hakitapatikana kwa sababu hiyo. Leo njia hiyo, pamoja na nyongeza zake, inatumika dunia nzima. Mtendaji wa Kasulu huenda hajaisikia, lakini anaifanya kila anapoinua gunia la maharage na kulipapasa chini. Bati lililoruka linahesabika. Maharage ya mbegu yaliyolowa wiki moja kabla ya kupanda ni msimu mzima, na bei ya gunia haionyeshi kwamba kaya hiyo itanunua chakula hadi mwakani. Orodha isiyo na safu ya mbegu italeta mabati kwa watu ambao Januari watayauza wapate unga.

Kuna kundi jingine ambalo jicho la haraka halilioni kabisa. Kijijini mtu akiezuliwa halali nje. Anapokewa na jirani, shemeji, mama mdogo. Jioni ya pili ukipita hukuti hema wala umati, na mgeni anaweza kurudi mjini akidhani mambo yameshatulia. Ukweli ni kwamba nyumba iliyokuwa na watu sita sasa ina kumi na tatu, na chakula cha wenyeji hao kinakwisha kwa kasi ya mara mbili. Mtendaji mzuri anaiandika pia nyumba iliyopokea. Sijui ustadi mwingine katika kazi hii ninaouheshimu kuliko huo, maana unahesabu wema wa watu kama gharama halisi inayohitaji kusaidiwa.

Orodha ikikamilika inasomwa. Kijiji cha Tanzania kina mkutano mkuu wa wakazi wake wazima, na halmashauri ya kijiji chini yake, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982. Majina yanatajwa moja moja, kwa sauti, pamoja na kilichoandikwa mbele ya kila jina. Lile "paa la zamani" sasa linasikika hadharani, na mara nyingi mwenyewe huinuka na kusema kweli, au jirani humsaidia kwa hoja ambayo mtendaji hakuijua: bati lilikuwa bovu, sawa, lakini ukuta umeanguka juzi. Jina lililosahaulika linaongezwa. Jina lililopachikwa linazomewa hadi linafutwa. Mkutano huo unaweza kuchukua mchana mzima na viongozi wenye haraka hupenda kuuruka. Ninawasihi wasiuruke. Orodha iliyosomwa mbele ya watu inaweza kupunguzwa baadaye kwa sababu mabati hayatoshi, na watu wakaelewa; orodha iliyotoka mfukoni mwa mtu, hata ikiwa sahihi, itazaa manung'uniko ya miaka.

Na watu wa Kigoma wana sababu ya kutazama daftari la serikali kwa makini. Mwaka 1972 mkoa wao ulikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza ambayo wakazi wake walihamishiwa vijiji vya ujamaa kwa mkupuo, katika Operesheni Kigoma. Wazee wanaokumbuka wakati huo wanajua kwamba kuandikwa jina kunaweza kuwa mwanzo wa kuhamishwa. Mtendaji anayeeleza kwanza kwa nini anaandika, nani atasoma na lini majibu yatarudi, anawatendea haki wazee hao.

Kutoka kijijini karatasi inapanda: kata, wilaya, mkoa, hadi Idara ya Menejimenti ya Maafa katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2015, imeweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji, na wilayani kamati huongozwa na mkuu wa wilaya. Ngazi ni nyingi, na katika kila moja majina yanaelekea kugeuka jumla: kaya kadhaa, madarasa kadhaa. Jumla inahitajika juu. Lakini msaada ukishuka utashuka kwenye majina, kwa hiyo ofisa mzuri wa halmashauri anapandisha jumla na kuyalinda majina, nakala moja kijijini, moja katani, moja kwake.

Wakati huo mhandisi wa halmashauri ana swali lake: kwa nini paa hili limeondoka na lile limebaki? Nyumba nyingi za huku zimejengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo. Juu ya ukuta mbao imelazwa tu, au imeshikwa kwa waya mmoja, na kenchi zimepigiliwa juu yake. Upepo unapopita juu ya paa unalivuta kwenda juu, na ukipata dirisha lililo wazi unaingia ndani na kusukuma kutoka chini. Paa likiwa na upenu mrefu usiofungwa, upepo una mahali pa kushika. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28, linachanika kwenye msumari mapema. Na miti iliyokuwa inakata upepo pembeni mwa shule nyingi imekwisha kuwa kuni.

Tiba yake si ya fedha nyingi. Lenta inayozunguka ukuta wote. Nondo au waya mnene uliozamishwa kozi kadhaa za matofali chini na kupandishwa hadi kuifunga mbao ya juu. Papi, mbao za kupigilia bati, zilizokaribiana zaidi kwenye kingo, ambako upepo huanzia kung'oa. Misumari ya bati yenye vifuniko, iliyopigwa juu ya mgongo wa bati. Safu ya miti iliyopandwa mbali kidogo isije ikaangukia darasa. Mpango wa dunia wa kupunguza maafa uliopitishwa Sendai, Japani, Machi 2015 unahimiza kujenga upya kwa ubora kuliko mwanzo, na hapa agizo hilo linafupishwa kuwa mita kadhaa za waya. Halmashauri ikigawa mabati bila waya na bila fundi wa kuonyesha jinsi ya kufunga, imenunua ezuo la mwaka ujao.

Nchi yetu imejaribu njia tofauti za kujenga upya baada ya maafa. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, nguvu kubwa ya serikali ilielekezwa kwenye majengo ya umma, na shule ya Ihungo ikajengwa upya kabisa, huku wananchi wengi wakijijengea wenyewe. Baada ya maporomoko ya tope ya Mlima Hanang, Desemba 3, 2023, serikali iliwajengea waliopoteza makazi nyumba mpya eneo la Waret. Maamuzi hayo hufanywa juu, lakini lolote litakalochaguliwa, kuna mtu lazima aseme nyumba ilikuwa ya nani na ilisimama wapi.

Kasulu na Kibondo zina jambo moja zaidi ambalo wilaya nyingi hazina. Mwaka 2015 Warundi walipoanza tena kuvuka mpaka wakikimbia kwao, kambi ya Nyarugusu huko Kasulu, iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, ilijaa hadi kuvuka watu 150,000, na Oktoba mwaka huo kambi ya Nduta ya Kibondo ikafunguliwa tena. Upepo wa Oktoba haujui mpaka wa kambi. Unachana mahema na kuezua kijiji cha jirani jioni ileile, lakini kambini kuna kadi za familia, alama za vidole na mashirika yenye magari, na kijijini kuna daftari. Wafadhili waliofikiria vizuri waliliona hilo: mwaka 2017 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalianzisha Programu ya Pamoja ya Kigoma, ili kazi zao zifuate mipango ya mkoa na halmashauri na kuwafikia pia wenyeji waliowapokea wakimbizi.

Kuisaidia serikali ya mtaa baada ya dhoruba nako ni ufundi, na sehemu kubwa yake ni kujizuia. Shirika linapofika na vishikwambi na fomu yake mpya, likawahesabu upya watu walioshahesabiwa, kijiji kinabaki na orodha mbili zisizolingana, na mtendaji aliyetembea vitongoji vyote anaonekana mwongo. Msaidizi mwenye adabu anaiomba orodha ya kijiji kwanza. Anachagua nyumba chache, anazitembelea pamoja na mtendaji, anasahihisha palipokosewa mbele yake, kisha anaifanyia kazi orodha ileile.

Na akiuliza halmashauri inahitaji nini kabla ya Oktoba nyingine, majibu ni ya kawaida kabisa: mafuta ya pikipiki ya siku tatu kwa kila kata, yaliyotengwa na kuwekwa, madaftari yenye safu zilizokwisha kuchorwa, ya mbegu ikiwemo, futi kamba ya kupimia mapaa, simu yenye chaji ya kupiga picha, mafundi wawili katika kila kijiji waliofundishwa kufunga kenchi, na mzigo wa waya katika stoo ya wilaya, Kibondo mmoja na Kasulu mmoja.