Kudurusu Rasimu ni Kufikiri Upya: Uhakiki wa Makala ya Gopen na Swan kuhusu Uandishi wa Kisayansi

Mwaka 1990, George Gopen na Judith Swan walichapisha makala "The Science of Scientific Writing" katika jarida la American Scientist. Hoja yao kuu ni kwamba msomaji hutarajia kila taarifa katika nafasi yake: kitenzi kifuate kiima kwa karibu, jambo linalojulikana litangulie, na jambo jipya lenye uzito lije mwishoni mwa sentensi.

Uhakiki huu unaona kwamba thamani ya makala hiyo haimo katika kanuni hizo, bali katika matumizi yake. Waandishi wanachambua sentensi halisi ya kibiolojia ambamo maneno 23 yanakitenga kiima na kitenzi chake. Wanapoidurusu, wanakabiliwa na swali: je, maelezo hayo ya katikati ni muhimu au ni ya pembeni? Kama ni muhimu, yapewe nafasi ya kuonekana. Kama sivyo, yafutwe. Mwenye jibu ni mtafiti mwenyewe. Hapo kudurusu kunaacha kuwa usafishaji wa lugha na kunakuwa uamuzi wa kisayansi.

Hata hivyo, makala ina upungufu. Vifungu vyake vimetoka kwa wataalamu ambao utafiti wao ulikwisha kukamilika. Nancy Sommers, katika utafiti wake wa mwaka 1980, alionyesha kwamba wanafunzi hudurusu kwa kubadili maneno, ilhali waandishi wazoefu huisaili hoja nzima. Tuchukue mwanafunzi anayeandika kwamba mbolea "imethibitika" kuongeza mavuno, ilhali hakuwa na shamba la ulinganisho. Hakuna mpangilio wa maneno utakaoiokoa sentensi hiyo. Kinachohitajika ni swali la mhadhiri: "Umelinganisha na nini?"

Suala hili linatugusa kwa karibu, kwani katika vyuo vikuu vya Tanzania sayansi hufundishwa kwa Kiingereza. Ni rahisi mhadhiri kusahihisha sarufi na kurudisha rasimu iliyo safi, ilhali hoja imebaki na kasoro ileile. Anayemwandikia mwanafunzi sentensi sahihi humnyang'anya uamuzi uliopaswa kumfunza.

Kwa hiyo, kanuni za Gopen na Swan zifundishwe, lakini baada ya dai kupimwa dhidi ya data. Aidha, mwanafunzi atakiwe kueleza sababu ya kila badiliko kubwa baina ya rasimu moja na nyingine.