Kitabu cha Weems Juu ya George Washington

Huenda wengi wetu tumepata kuisikia hadithi ya mtoto George na kishoka chake. Yasemwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka kama sita alipewa kishoka, akaenda akaukatakata mti mchanga wa matunda wa baba yake. Baba alipouliza ni nani aliyeuharibu, mtoto akakiri mara moja, maana hawezi kusema uwongo. Baba akamkumbatia, akasema kwamba tendo lile lampendeza kuliko miti elfu.

Hadithi hiyo haikutoka kwa Washington mwenyewe. Ilitoka katika kitabu cha Mason Locke Weems, kasisi wa Marekani aliyekuwa pia mchuuzi wa vitabu. Washington alikufa tarehe 14 Desemba 1799, na mwaka 1800 kitabu kilikuwa kimekwisha kupigwa chapa. Lakini habari ya mti iliingia katika chapa ya mwaka 1806, na shahidi wake ni bibi mzee asiyetajwa jina. Wataalamu wametafuta ushahidi mwingine wasiuone.

Tusimwonee Weems. Aliona ya kuwa vijana huambiwa habari za vita tu, naye alitaka waone tabia ya mtu nyumbani kwake. Nia hiyo ni njema, na lugha yake ni nyepesi, hata kitabu kikanunuliwa sana. Lakini twamlaumu kwa neno moja kubwa: amefundisha kusema kweli kwa hadithi isiyothibitika. Wazee husema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika kitabu hiki mgema alikuwa amekwisha kufa, na aliyetia maji ni msifuji.

Wala Washington hakuhitaji kuongezewa sifa. Vita vya kujitoa katika utawala wa Uingereza vilipokwisha, tarehe 23 Desemba 1783, alirudisha uamiri wake mbele ya Baraza huko Annapolis, ijapokuwa jeshi lilikuwa mkononi mwake. Akawa rais wa kwanza mwaka 1789, na mwaka 1797 akaondoka kwa hiari yake. Mambo hayo yana ushahidi, nayo yatosha kumheshimu mtu.

Tena hadithi ya mti yafunika jambo lililo zito zaidi. Baba yake alipokufa, Washington, mtoto wa miaka 11, alirithi watumwa 10. Alipokuwa rais alikaa Philadelphia, katika jimbo la Pennsylvania, ambako sheria ilimpa mtumwa wa mgeni haki ya kudai uhuru akikaa humo zaidi ya miezi sita. Basi mwaka 1791 Washington alimwandikia karani wake kwamba watumwa wale waondolewe kabla muda haujatimia, tena kwa kisingizio cha kuwadanganya wao na watu wote. Mwandishi wa barua hiyo ndiye yule tunayeambiwa kwamba hawezi kusema uwongo.

Mwaka 1796 mtumishi mmoja wa nyumba ile, Ona Judge, mtumwa wa urithi wa mkewe rais, alitoroka kwa merikebu mpaka Portsmouth katika New Hampshire. Washington alijaribu kumrudisha, asifaulu. Bibi huyo aliishi katika umaskini mpaka mwaka 1848. Katika uzee wake aliulizwa kama ajuta kutoroka. Akajibu kwamba hajuti, kwa kuwa yu huru, naye atumaini kwamba kwa njia hiyo amefanywa mtoto wa Mungu.

Hata hivyo habari za Washington haziishii hapo. Mwezi wa Julai 1799, akiwa na umri wa miaka 67, aliandika wosia kwamba watumwa 123 waliokuwa mali yake wawe huru baada ya kufa mkewe. Wazee na wagonjwa walishwe na kuvikwa, na watoto wasio na wazazi wafundishwe kusoma, kuandika na kazi. Martha mkewe hakungoja kufa, akawaacha huru tarehe 1 Januari 1801. Lakini wengine 153, wa urithi wa mume wa kwanza wa Martha, walibaki utumwani, kwa kuwa sheria haikumpa Washington uwezo wa kuwaachilia. Na jamaa waliooana wa pande hizo mbili wakatengana.

Hapo ndipo twaona upungufu wa hadithi ya Weems. Mtoto wake akiri mara moja, akumbatiwa, na shauri limekwisha. Mtu mzima alikawia miaka mingi, na alipotengeneza, hakuweza kutengeneza yote. Sisi tufundishao watoto tukiwapa mti peke yake, watadhani kwamba kweli ni neno jepesi lipatalo zawadi. Afadhali tuwasomee habari za barua ya mwaka 1791 na wosia wa mwaka 1799 pamoja, tusifiche moja kwa ajili ya nyingine. Ndipo watakapojua ya kuwa kweli ni deni, na ya kuwa akawiaye kulilipa huwalipisha wengine.