Kutoka Goziba hadi Bukoba: Hesabu ya Safari

Machi 21, 2023, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alitangaza kuwa virusi vya Marburg vimethibitishwa mkoani Kagera. Mgonjwa wa kwanza kujulikana aliripotiwa kutoka kisiwa cha Goziba, wilayani Muleba, akaanza kuumwa baada ya kufika kijijini kwao, Bukoba Vijijini. Waliougua walifika 9, na 6 kati yao wakafariki. Je, hesabu ingeweza kuiona safari kama hiyo mapema?

Ili kukadiria idadi ya wasafiri kati ya sehemu mbili, wataalamu wengi huanza na modeli ya mvuto: unazidisha idadi ya watu wa sehemu hizo, kisha unagawanya kwa umbali uliopandishwa kipeo, mara nyingi karibu na 2. Tuijaribu kwa Bukoba na Mwanza. Kukata moja kwa moja juu ya Ziwa Victoria ni kama kilometa 180. Kwa barabara, kupitia Biharamulo na Geita, zinapita 400. Kwa kipeo cha pili, umbali wa ziwani unatoa wasafiri karibu mara tano ya wale wa barabarani, ilhali watu ni walewale. Ndiyo maana mimi ningeacha kilometa, nikaweka saa za safari na nauli.

Hata hivyo Goziba ingebaki kitendawili. Wakazi wake ni wachache, hivyo modeli itaipa safari chache. Lakini wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa, kazi hupungua na mtu hupata nafasi ya kwenda kuona ndugu. Desemba nayo, Wahaya wa Kagera walio mbali hurudi kula Krismasi nyumbani. Wastani wa mwaka mzima unayafuta yote hayo.

Kumbukumbu za simu husaidia kuziona safari za namna hiyo. Utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 2012 ulifuatilia laini karibu milioni 15, ukaonyesha jinsi wasafiri wanavyosambaza malaria kutoka ukanda wa Ziwa Victoria. Ila laini moja yaweza kutumiwa na watu kadhaa, na pasipo na mtandao hapasikiki kabisa.

Viongozi wa mialo ya Muleba na Bukoba, andikeni kila boti inayotia nanga: imetoka wapi, ina abiria wangapi, tarehe gani. Daftari hilo ndilo modeli zetu zinalolikosa.