Lima Kinyume: Chemshabongo na Fumbo la Kiswahili

Ijumaa moja alasiri, katika mgahawa mdogo wa chai ya karak kando ya minara ya West Bay, niliwatolea wenzangu kidokezo nilichokitunga mwenyewe: "Lima kinyume upate utajiri (herufi 4)." Tulikuwa wanne, kama ilivyo desturi yetu tangu nije Doha kwa mwaka wa utafiti: dada muuguzi kutoka Tanga, mhandisi kijana wa Kampala, mzee wa Takaungu ambaye sote twamwita Ami, na mimi. Mezani palikuwa na chemshabongo ya siku hiyo ya gazeti la Guardian la Uingereza, tumekwisha kuijaza nusu. Muuguzi hakukawia. "Mali," alisema. Neno li-ma likipinduliwa kwa silabi huwa ma-li, na mali ndiyo utajiri. Tulicheka, isipokuwa Ami. Aliikunja karatasi yake, akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kama una neno nami, niambie. Usinifumbie."

Sikumwelewa papo hapo. Ndipo nikakumbuka kwamba majuma mawili kabla alikuwa ametusimulia jinsi alivyoliacha shamba la babake na kuja Ghuba, na jinsi shamba lile lilivyogeuka kichaka huku akitumia nyumbani fedha za kulipa ada na kujengea nyumba ambayo bado hajailala. Mimi nilikuwa nimetunga mchezo wa silabi. Yeye alikuwa amesikia hukumu juu ya maisha yake. Makala haya yametokana na aibu ile, na swali lake ni hili: tukishalipata jibu la fumbo, yale maneno ya juu tuliyofumbiwa nayo huenda wapi?

Katika chemshabongo ya Kiingereza, jawabu ni rahisi: hutupwa. Mraba wa kwanza wa aina hii, uliochapishwa New York na Arthur Wynne tarehe 21 Desemba 1913, ulikuwa na vidokezo vya moja kwa moja. Waingereza ndio walioutia hila, hasa Edward Powys Mathers, aliyetunga kwa jina la Torquemada katika gazeti la The Observer kuanzia mwaka 1926. Mrithi wake, D. S. Macnutt, aliyejiita Ximenes, alitoa mwaka 1966 kitabu kilichoziweka bayana kanuni za uungwana wa utunzi. Kidokezo kina sehemu mbili: maana ya jibu, ambayo hukaa mwanzoni au mwishoni, na mchezo wa maneno unaolijenga jibu lilo hilo kwa njia nyingine. Mtungaji ana ruhusa ya kumpoteza mfumbuaji, lakini hana ruhusa ya kumdhulumu; kila neno liwe na kazi, na jibu liwe moja tu. Juu ya sehemu hizo mbili hutandazwa sentensi yenye kuleta picha fulani, na kazi ya picha hiyo ni kupoteza njia. Mtungaji wa Kiingereza aweza kuuita mto kwa neno la ua, kwa kuwa neno hilo laweza pia kusomwa kama kitu kitiririkacho. Mfumbuaji akishaujua mto, ua halina kazi tena.

Nilipoanza kujaribu ufundi huu kwa Kiswahili, niligundua kwamba lugha yenyewe ina masharti yake. Kwanza ni silabi. Maneno yetu mengi huishia kwa irabu, na irabu ni tano tu. Kwa hiyo mahali maneno yanapokatana kwenye herufi ya mwisho, mfumbuaji hapati msaada mkubwa. Ukizichafua herufi za "lima" utapata mali, mila, lami na imla. Ukizigeuza silabi, utapata mali peke yake. Wajapani hujaza miraba yao kwa silabi, alama moja kwa kila chumba, nasi tungeweza kufanya vivyo hivyo bila kuazima chochote, maana watunzi wetu huhesabu mizani, hawahesabu herufi. Tena mchezo wa kinyume, wa kuitanguliza silabi ya mwisho, ni wa kale pwani. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, aliuandika katika karne ya 19.

Sharti la pili ni ngeli. Niliwahi kuwapa wenzangu kidokezo hiki: "Swala mdogo juu ya nyumba (herufi 3)." Jibu ni paa, yule mnyama wa jamii ya swala, na lile lililo juu ya nyumba. Mhandisi aliuliza kwa nini nisimfanye mfumbuaji adhani ni swala ya msikitini. Nilimjibu kuwa sina njia: "mdogo" imekwisha kunisaliti, kwa kuwa swala ya ibada ingekuwa "ndogo". Nomino ya Kiingereza hujificha kwa urahisi. Ya kwetu huandamana na jamaa zake, nao huitaja.

Lakini sharti la tatu ndilo nililolisahau, nalo halimo katika sarufi. Fumbo la Kiswahili lina mlengwa. Methali yasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Maana yake ni kwamba fumbo huwagawa wasikilizaji kabla halijawapa maana. Mwanamke anayevaa kanga yenye jina fulani mbele ya jirani fulani hahitaji kusema zaidi, na jirani akilalamika, mwenye kanga ana haki ya kujibu kwamba amevaa nguo tu. Ili jibu hilo liwezekane, maneno ya juu lazima yabaki hai. Ami hakukosea kusoma. Alisoma kwa kanuni za kwao, nami nilitunga kwa kanuni za kuazima.

Natazama nyuma nikaona kwamba kosa hilo nimelifanya darasani kwa miaka mingi. Tazama "Mnazi: Vuta N'kuvute", shairi la Abdilatif Abdalla katika Sauti ya Dhiki, diwani iliyotoka mwaka 1973 na ambayo mashairi yake aliyatunga gerezani, alikofungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?". Ndugu wawili wanaugombea mnazi. Mwanafunzi aliyefunzwa kujibu mtihani huandika kwamba mnazi ni nchi na ndugu ni wananchi wake, kisha hufunga daftari. Nami nilikuwa nikimpa alama kamili. Jibu hilo si la uongo, ila limeutupa mnazi. Na mnazi una mengi ya kusema: katika mila za pwani, mti waweza kuwa na mwenyewe na ardhi uliposimama ikawa na mwenyewe mwingine. Ugomvi wa nani alipanda, nani alipalilia na nani ana haki ya kuangua ulikuwapo kabla ya taifa la Kenya kuwapo. Ukiifuta picha hiyo ili ubaki na neno "nchi", unaifuta hoja yenyewe. Zaidi ya hayo, mfungwa aliyeandika fumbo lenye jibu moja angekuwa amemwandikia askari jela ungamo.

Sisemi kwamba shairi laweza kuwa na maana yoyote apendayo msomaji. Hapo chemshabongo hutufaa sana, kwa kuwa hutufunza kudai kazi kutoka kwa kila neno na kutoridhika na jibu ambalo halijathibitika pande zote mbili. Lakini nidhamu hiyo inatosha kutufikisha kwenye jibu. Haitoshi kutwambia fumbo lilikusudiwa kufanya nini, na kwa nani. Siku hizi, baada ya mwanafunzi kunieleza maana ya shairi, namwuliza swali la pili: nani hakutakiwa kuelewa?

Ami nilimwomba radhi Ijumaa iliyofuata. Alinisikiliza, akaagiza chai, akasema atanisamehe nikimpa mji, kama anavyodai mtega kitendawili aliyeshinda. Nikampa Doha, yote, na minara yake. Akaikataa. "Huu sina haja nao, Mwalimu," alisema. "Nipe Takaungu." Nikampa.