Ruhusa za faili na siri za wasimuliaji wa Lubumbashi

Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umekusanya kumbukumbu za wakazi wa mji huu, wakiwemo wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Gécamines na familia zao. Anayesimulia mgomo wa 1941 katika kampuni iliyoitangulia, Union Minière, au kufukuzwa kwa watu wa Kasai mwaka 1992 na 1993, huweza kutaja majina ya walio hai. Mahojiano ya aina hiyo yakiwekwa kwenye kompyuta ya Linux inayotumiwa na wengi, ni nani ayasikilize?

Linux imerithi jibu la Unix: kila faili lina mwenyewe, lina kundi, kisha kuna wengine wote. Kila upande hupewa kusoma (4), kuandika (2) na kutekeleza (1). Kwa hiyo 640 maana yake mwenyewe anasoma na kuandika, kundi linasoma tu, wengine hawapati kitu.

Mtu akilalamika kwamba faili halifunguki, wengi hukimbilia chmod -R 777. Malalamiko huisha, na ulinzi nao umeisha: yeyote anayeweza kuifikia folda yenye faili hilo sasa anaweza kusoma, kubadilisha na kufuta. Njia sahihi ni kuunda kundi la wanukuzi, yaani wanaoyaandika mahojiano:

sudo groupadd wanukuzi
sudo usermod -aG wanukuzi jina
sudo chown -R mtunza:wanukuzi /data/mahojiano
sudo find /data/mahojiano -type d -exec chmod 2750 {} +
sudo find /data/mahojiano -type f -exec chmod 640 {} +

“mtunza” ni akaunti ya mhifadhi. “Jina” ni ya mnukuzi. Usisahau -a, la sivyo mnukuzi ataondolewa kwenye makundi yake mengine ya ziada. Naye atoke na kuingia upya ndipo kundi lifanye kazi. Folda na mafaili vinatenganishwa kwa sababu kwenye folda ruhusa ya kutekeleza ndiyo ya kupita ndani, ilhali faili la sauti haliihitaji. Ile 2 ya mbele hufanya kila faili jipya lirithi kundi la folda.

Hapa ndipo wengi hukosea: wanaamini kwamba faili la kusomwa tu haliwezi kufutwa. Linaweza. Kufuta ni kubadilisha orodha iliyomo kwenye folda, kwa hiyo inayoangaliwa ni ruhusa ya kuandika kwenye folda, si kwenye faili. Wape wanukuzi 2770 kwenye folda ya sauti asilia, na yeyote kati yao ataweza kufuta kanda hata kama ina 440. Ndiyo maana folda hiyo ina 2750, nao wanukuzi wanatengewa /data/nakala yenye 2770 na umask 007, waandike pamoja bila kugusa asili.

Mwisho, jaribu kwa akaunti isiyo ya kundi: sudo -u mgeni ls /data/mahojiano. Lazima ikataliwe.

Ruhusa hizi hazimzuii msimamizi mkuu wala mwizi wa diski. Hapo panahitajika usimbaji fiche. Tena, tangu Machi 13, 2023 Kongo ina Sheria ya Dijitali inayolinda data binafsi, na kabla ya sheria hiyo kulikuwa na ahadi aliyopewa msimuliaji. Kompyuta isifungue mlango mpana kuliko ule alioukubali yeye.