Kuipa Hewa Njia

Fundi aliyenifunza kazi, katika chumba kidogo cha Kariakoo, hakuanza na bisibisi. Alianza na kijiti cha udi. Alikiwasha, akakisogeza mbele ya kasha la kompyuta, kisha akatulia kuutazama moshi. Ukivutwa ndani, ukapita juu ya mazabodi na kutokea nyuma bila kusita, aliitikia kwa kichwa. Ukizubaa pembeni ukijizungusha kama mgeni aliyepotea mtaa, alijua pana kazi.

Wengi hudhani kupoza kompyuta ni kuongeza feni. Lakini feni haitengenezi baridi. Mwezi wa Januari, chumba cha Dar es Salaam kikiwa na nyuzi 32, hata feni kumi hazitaifanya prosesa iwe baridi kuliko chumba chenyewe. Kazi ya feni ni kuitoa hewa iliyokwisha kubeba joto na kuileta nyingine. Kwa hiyo swali la kwanza si ngapi. Ni hewa iingilie wapi na itokee wapi. Mwenye chumba cha dirisha moja analijua hili: kaskazi huvuma nje usiku kucha, naye ndani anatoka jasho. Upepo hauingii pasipo na pa kutokea.

Ndiyo maana feni za mbele huingiza, za nyuma na za juu hutoa. Ni kweli hewa ya moto hupanda, ila mpando wake ni dhaifu, feni moja tu huushinda. Mpangilio mzuri huufuata kwa kuwa hauna sababu ya kupingana nao. Utaalamu uko kwenye sentimita. Feni ya juu ikifungwa karibu mno na mbele, huinyakua hewa safi kabla haijaifikia prosesa. Nafasi hiyo ni afadhali ingebaki tupu.

Kuchagua nako kuna heshima yake. Feni ya milimita 140, ikizunguka taratibu, husukuma hewa ambayo ya milimita 120 huisukuma kwa haraka na kelele. Ukipunguza mzunguko kwa nusu, hewa hupungua kwa nusu, lakini nguvu inayohitajika hushuka hadi kama sehemu moja ya nane. Upole una faida kubwa hivyo. Zipo feni zenye mapanga ya kupeperusha hewa mahali pa wazi, na zipo za kuisukuma hewa ipenye kwenye kichujio au katikati ya mapezi ya radieta yaliyobanana. Zipo za beringi rahisi, ambazo mafuta yake yakikauka huanza kukoroma. Na kabla ya kukaza skrubu, geuza feni uitazame: upande wenye mikono inayoshika mota ndiko upepo unakotokea.

Kisha kuna vumbi, adui wa kila siku katika miji yetu. Fundi wangu alipenda hewa inayoingia iizidi kidogo inayotoka. Hapo kasha hujaa, na kila upenyo hupumua kwenda nje badala ya kufyonza vumbi. Hewa yote hulazimika kuingilia kwenye kichujio, nacho huoshwa, hukaushwa, hurudishwa. Kazi ya dakika chache humwokoa mwenye mashine na miezi ya kuisikia ikihema.

Ninaupenda ufundi huu kwa sababu ukifanywa vizuri hauonekani. Mteja huwasha kompyuta yake, huhariri video yake mpaka usiku wa manane, wala hakumbuki kwamba mle ndani kuna kitu kinazunguka. Lakini mimi, kabla sijamkabidhi, huzima udi na kuweka kiganja nyuma ya kasha, kama nilivyofunzwa. Nikiupata pale upepo wa vuguvugu, mwepesi, usiokatika, najua joto limeiona njia ya kutokea.