Hotel Transylvania: Nani Anamwogopa Nani?

Filamu ya katuni ya Hotel Transylvania ilipotoka mwaka 2012, zaidi ya nusu ya wahakiki wa Marekani hawakuipenda. Lakini watazamaji waliohojiwa na CinemaScore wakitoka kwenye majumba ya sinema waliipa A-. Iliingiza zaidi ya dola milioni 350 na ikazaa nyingine tatu, ya mwisho ikiwa ya 2022. Sasa tumwamini nani?

Lalamiko kubwa la wahakiki ni kwamba mazimwi yamejaa lakini hakuna kinachotisha: utani juu ya utani, mbio juu ya mbio. Hapo wana hoja. Mwongozaji, Genndy Tartakovsky, alitokea kwenye katuni za televisheni na anapenda miili ivutike kama mpira. Nusu ya pili inachosha, na ule wimbo wa mwisho ungeweza kukatwa bila hasara.

Ila mimi nimeiangalia hapa Mtae, kwenye banda la video lililojaa watoto, na kuna kitu walikiona ambacho nadhani wahakiki walikipita haraka. Dracula, aliyefiwa na mke kwa mikono ya wanadamu, anajenga hoteli ili kumficha bintiye Mavis. Binti anapotimiza miaka 118 na kuomba kutoka, baba anakubali, halafu anamtengenezea kijiji cha uongo chenye "wanadamu" wakali ili arudi mbio. Kwenye tukio hilo banda zima lilinyamaza. Mtoto mmoja nyuma yangu akasema, "Kumbe anayeogopa ni baba yake!"

Huo ndio uhakiki bora niliowahi kuusikia kuhusu filamu hii.

Watoto wa huku wanajua hofu inavyotumika. Mtae imekaa ukingoni mwa milima ya Usambara. Ukipiga hatua mbaya jioni yenye ukungu, unaelekea chini kwenye tambarare za Mkomazi. Mzee akisema kuna zimwi kule ukingoni, mtoto hasogei, na anabaki hai. Lile zimwi lina kazi, maana korongo lipo kweli. Kosa la Dracula ni kwamba anaendelea kutisha wakati hatari imeshapita. Wazazi wangapi huku wanawasimulia mabinti zao ubaya wa Tanga na Dar es Salaam kwa mtindo huohuo? Wapo wenye sababu, na wapo ambao wanaogopa tu nyumba kubaki tupu.

Kwa hiyo nasimama na watazamaji, japo sababu yangu si vichekesho. Filamu haitishi watoto kwa sababu inawalenga wazazi.

Kinachoniuma ni kwamba watoto wetu wanamjua Dracula kuliko zimwi la bibi zao. Si lazima iwe hivyo. Raymond Malinga wa Uganda alimchukua Kalabanda, mzuka wa hadithi za shuleni kwao, akamtengenezea filamu fupi ya katuni, A Kalabanda Ate My Homework. Usambara nayo ina ukungu, makorongo na wasimulizi. Tunasubiri nini?

Iangalieni na watoto. Ikiisha, zimeni taa, mwambieni bibi aanze: "Paukwa!"